Filamu ya wanafunzi Mara: Mteja atafutwe kabla ya bango

MWANAFUNZI aliyemaliza kutengeneza filamu ya uhalifu na upelelezi ana bidhaa mkononi, sawa na mwenye gunia la dagaa pale Mwigobero, Musoma. Tofauti ni kwamba mwenye dagaa anajua nani atanunua, siku gani na kwa bei ipi. Mwenye filamu mara nyingi hajui, na hapo ndipo mtaji mdogo aliokopeshwa na ndugu na marafiki unapoanza kuyeyuka.

Kosa huwa ni lile lile. Mabango yanachapwa kwanza, gari la matangazo linakodiwa, kipaza sauti kinazunguka mitaani, kisha jioni mabenchi yanabaki wazi. Wahenga wa sokoni husema biashara matangazo, na ni kweli. Hata hivyo, tangazo lililopelekwa kwa asiye mteja ni gharama tupu. Utafiti wa watazamaji ndio unaoonyesha tangazo lipelekwe wapi, na gharama yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Soko la upelelezi lipo

Kwamba Waswahili hupenda hadithi za upelelezi si jambo la kubahatisha. Wasomaji waliwafuata Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa kitabu baada ya kitabu. Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, akapata pia kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA). Alijua kuandika na alijua kuuza.

Upande wa filamu, "Girlfriend" ya George Tyson, iliyotoka mwaka 2003, iliwatumia wanamuziki wa Bongo Fleva, akiwamo TID. Wapenzi wa muziki huo walikuwa tayari wanajulikana, hivyo filamu ilizaliwa ikiwa na wateja wake.

Nchini Kenya, "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012 ilitokana na mpango wa mafunzo ya watengenezaji filamu vijana, ikaongozwa na David "Tosh" Gitonga. Ni hadithi ya kijana wa kijijini anayekwenda mjini kutafuta uigizaji akaangukia kwenye genge la wezi. Wahusika wake wanazungumza kama watu wa Nairobi wanavyozungumza, Sheng ikiwamo. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Huko Wakaliga, Kampala, kundi la Isaac Nabwana lilitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana. Waigizaji wenyewe walibeba diski na kuuza nyumba kwa nyumba, wakiwahi kabla nakala za wizi hazijazagaa. Anayeuza mlangoni husikia papo hapo mteja amependa nini na amekataa nini. Huo nao ni utafiti.

Miji mitatu, masoko matatu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara. Idadi hiyo inavutia kwenye karatasi ya kuombea mkopo, lakini haisemi nani atalipa kiingilio.

Musoma ni makao ya mkoa na mji wa ziwa. Wapo watumishi wa serikali wanaosubiri mwisho wa mwezi, wapo wachuuzi wa soko la Nyasho wanaoshika fedha kila siku, na wapo wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Je, wakati huo wana nafasi na fedha, au wana nafasi tu? Hilo haliwezi kujibiwa ukiwa chumbani. Yafaa kuulizwa mwaloni.

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Ni mji wa wasafiri, wenye maduka na wakulima wa pamba. Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza mwezi Mei, na mfuko wa mkulima wa Februari si mfuko wake wa Julai. Filamu ile ile yenye kiingilio kile kile inaweza kukwama mwezi mmoja na kujaza ukumbi mwezi mwingine.

Butiama ni mahali pa pekee. Ni nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, na makumbusho yake yapo huko tangu mwaka 1999. Oktoba 14 huleta wageni, na anayetazama idadi tu anaweza kuiona kuwa siku nzuri ya kutangaza. Lakini ni siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu. Bango la bastola na damu siku hiyo linaweza kuiharibia filamu jina kabla haijaonyeshwa.

Hadithi yenyewe nayo ipimwe. Wizi wa mifugo, ujangili kandokando ya Serengeti na wizi wa nyavu na injini za mitumbwi ni mambo ambayo watu wa mkoa huu wameyaonja. Yanaweza kumvuta mtazamaji kwa kuwa anayajua, au kumfukuza kwa kuwa yamemuumiza. Ni heri kulijua hilo kabla ya kuchagua picha ya bango.

Swali gani liulizwe?

Mwanafunzi akimwuliza mtu mzima, "Mzee, utakuja kuangalia filamu yetu?", jibu litakuwa "Nitakuja, mwanangu." Ni heshima, si ahadi ya kununua. Anayehesabu majibu ya namna hiyo atakodi ukumbi mkubwa bure. Kuwauliza wenzake wa bweni nako hakusaidii, kwani wao watamsifu na wataomba kuingia bila kulipa.

Swali lenye faida linahusu yaliyokwisha kufanyika. Mara ya mwisho ulilipa kuangalia filamu lini? Ilikuwa wapi? Ulilipa shilingi ngapi? Ulikuwa na nani? Nani alikwambia habari zake? Mtu aliyelipa mwezi uliopita ni mteja. Ambaye hajalipa kwa miaka mitatu ni msikilizaji mwema tu.

Aidha, muulizaji abadilishe mahali na saa. Asubuhi awe Nyasho, mchana stendi ya Bunda, jioni penye vibanda vya video. Wanawake wengi huangalia filamu nyumbani na hawaendi kibandani usiku. Akiuliza vibandani peke yake, atawakosa wote.

Wapo pia watu wawili wenye habari nyingi. Wa kwanza ni mwenye kibanda umiza, anayejua siku za mpira zinavyohamisha watu. Usiku wa Simba na Yanga si usiku wa kuonyesha filamu, ingawa mapumziko ya dakika 15 ni nafasi nzuri ya kuonyesha trela. Wa pili ni mwenye duka la kurushia nyimbo na filamu kwenye simu na flashi. Anajua ni hadithi zipi zinazoulizwa kila siku. Apewe trela, asipewe filamu nzima.

Hesabu yake

Chukulia kibanda chenye nafasi 80 na kiingilio cha shilingi 1,000, mwenye kibanda akichukua nusu. Kikijaa, mwanafunzi anapata shilingi 40,000 kwa usiku mmoja. Ikiwa matangazo yamekula shilingi 240,000, zinatakiwa siku 6 za kujaa ili kurudisha fedha hizo tu. Kikijaa nusu, siku hizo zinakuwa 12, na filamu haiwezi kudumu siku 12 katika mji mmoja.

Sasa chukulia utafiti wa siku tatu, kwa nauli, daftari na chakula, umegharimu shilingi 40,000. Hayo ni mapato ya usiku mmoja. Ukionyesha kwamba Jumatano inajaza kuliko Jumamosi, au kwamba kiingilio cha shilingi 500 kinaleta watu zaidi ya mara mbili, umejilipa.

Hata hivyo, watu 60 walioulizwa stendi na sokoni si mkoa wa Mara. Majibu yao yanatosha kuchagua siku, mahali na bei ya kuanzia, lakini hayatoshi kumwambia mkopeshaji kwamba asilimia fulani ya wakazi wote watanunua. Kipimo chenye nguvu zaidi ni tiketi zinazouzwa kabla ya siku yenyewe. Shilingi iliyotoka mfukoni haina heshima ya bure.

Sheria isisahaulike

Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, filamu yapaswa kupita Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Filamu ya uhalifu inaweza kuwekewa umri, na umri huo huondoa sehemu ya wateja. Kadhalika, anayeandika majina na namba za simu za watu akumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu aelezwe namba yake ni ya kazi gani, na aridhie.

Kwa anayeombwa fedha

Mwekezaji mdogo wa Musoma au Bunda akifuatwa na vijana wenye filamu, asianze kwa kuuliza kama ni nzuri. Aombe daftari. Ni nani walioulizwa, wapi, na siku gani? Wangapi walilipa kuangalia filamu mwezi uliopita, na kiasi gani? Tiketi ngapi zimeshauzwa? Vijana wenye majibu hayo wanaweza kukopeshwa kidogo kidogo, mji mmoja kwanza, kisha mwingine. Wenye bango peke yake waambiwe warudi baada ya kwenda sokoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.