Acheni kuuliza mtoe zawadi gani

Kila ninapokutana na wafanyabiashara wadogo, swali ni lile lile: "Mwalimu, nitoe nini cha bure ili wateja waje?" Anayeuliza hivyo tayari ana fulana kichwani, kalamu zenye jina la duka, soda za siku ya ufunguzi, au "nunua moja upate moja bure". Jiulize kwanza mteja wako anakwama wapi kabla hajatoa pesa mfukoni.

Imani kwamba bure yoyote huleta wateja imekula mitaji ya watu wengi, na bado inafundishwa na wasiowahi kukaa nyuma ya kaunta. Bure huleta watu, si lazima walipaji. Piga hesabu. Kitu unachouza shilingi 10,000 umekinunua 8,000. Ukisema nunua moja upate moja, umetoa mali ya 16,000 ukapokea 10,000. Hasara 6,000 kwa kila anayechukua. Ili kuifidia, mtu huyo huyo arudi anunue vitatu kwa bei kamili, na hapo hujapata faida hata senti, kodi ya fremu inakusubiri. Lakini aliyefuata bure harudi. Wiki ijayo yuko kwa jirani aliyetangaza ofa yake. Na mteja wako wa siku zote, aliyekuwa akilipa bila manung'uniko, sasa hanunui mpaka utangaze ofa.

Msiniambie kampuni kubwa hufanya hivyo. Mwaka 1992 Hoover ya Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi Marekani, kwa atakayenunua bidhaa za pauni 100. Watu walinunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji, shida yao tiketi. Hasara ilikaribia pauni milioni 50, kesi zikaendelea kwa miaka, na tawi la Ulaya likauzwa 1995.

Linganisha na ndugu wa Michelin, wauza matairi. Mwaka 1900, Ufaransa ikiwa na magari yasiyofika 3,000, waligawa bure kitabu chenye ramani, orodha ya mafundi na maelekezo ya kubadili tairi. Mwenye gari akathubutu kwenda mbali, na matairi yakalika.

Muuza vifaa vya ujenzi anaweza hilo leo. Mteja amekuja na vipimo kwenye kipande cha boksi: chumba mita 3 kwa 3, ukuta mita 3 kwenda juu. Mzunguko ni mita 12, mara 3 ni 36 za mraba. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Matofali ya inchi 6 huingia kama 10 kwa mita ya mraba. Andika 320, ongeza ya kuvunjika, mpe karatasi yenye namba ya duka. Karatasi hiyo ndiyo atakayoishika siku pesa ikipatikana.

Fundi simu, pima betri bure. Muuza pembejeo, mwandikie mkulima ratiba ya kupulizia dawa. Mpika keki, onjesha kipande, usigawe keki nzima. Ofa iwe na mwisho. Ukiomba namba ya simu, omba na ruhusa ya kutuma ujumbe. Bahati nasibu achana nayo. Kwa Tanzania, hata ile ya kutangaza biashara inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kila mteja mpya muulize kilichomleta, andika kwenye daftari. Mwezi ukiisha bila ofa kuleta hata mmoja aliyelipa bei kamili, ifute siku hiyo hiyo.