NI NANI HUWACHAGUA WALE WAWILI?

Msomaji mpenzi, huenda umepata kumsikia mzee wa Magu au wa Sengerema akisema kwamba zamani kura ilikuwa kitu chepesi. Ulikuwa jembe na nyumba, basi. Uliingia katika kibanda, ukaitazama karatasi, ukaweka alama penye jembe au penye nyumba, ukatoka ukaenda zako shambani. Maneno yake ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Kabla ya jembe na nyumba kufika mbele yako, palikuwa na kazi nyingine iliyokwisha kufanywa, nayo ndiyo ninayotaka tuitazame leo: kazi ya kuwachuja watu wengi mpaka wabaki wawili. Maana mwenye kuchuja ana nguvu kubwa kuliko mwenye kupiga kura, ijapokuwa jina lake halimo katika karatasi.

Tuanze mwaka 1960. Katika uchaguzi wa mwaka ule wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika palikuwa na viti 71, na TANU ilipata 70. Kile kimoja kilikwenda kwa Bwana Herman Sarwatt wa Mbulu, ambaye alisimama peke yake bila chama. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa Uhuru ulikuwa mlangoni. Lakini viti 58 katika hivyo vilichukuliwa bila kupingwa. Yaani katika sehemu nyingi za nchi hakuna mtu aliyepiga kura hata moja kumchagua mjumbe wake. Mjumbe aliwekwa na chama, akakosa mpinzani, akaenda Dar es Salaam.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Kama chama kimoja kimependwa na karibu watu wote, na kila anayesimamishwa na chama anapita bila kupingwa, je, wananchi wamechagua nini? Mwezi wa Januari 1964 ikaundwa Tume, chini ya Bwana Rashidi Kawawa, kutafuta njia ya kuwa na chama kimoja na huku watu wakabaki na uchaguzi wa kweli. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1965, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule utaratibu mpya ukajaribiwa.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Mtu aliyetaka ubunge alikuwa lazima awe mwanachama wa TANU, na fomu yake itiwe sahihi na wapiga kura 25. Wote waliotaka, wawe watatu au kumi, walikwenda mbele ya Mkutano wa TANU wa Wilaya. Huko waliulizwa maswali, kisha wajumbe wa mkutano wakawapigia kura ya siri. Majina pamoja na hesabu ya kura yakapelekwa kwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikachagua wawili. Kwa kawaida walikuwa wale wawili wa juu, ila Halmashauri ilikuwa na ruhusa ya kumwondoa mmoja na kumweka mwingine wa chini yake. Mmoja akapewa jembe, mwenzake nyumba. Wote wawili ni wa chama kile kile, kwa hiyo chama hakikuwa tena jambo la kugombania. Kilichobaki kupimwa ni mtu mwenyewe.

Kampeni nazo zilikuwa za namna ya pekee. Wagombea hawakuruhusiwa kila mmoja kuzunguka na fedha zake na ngoma zake. Walipanda gari pamoja, wakasimama jukwaa moja, mmoja akisema na mwenzake akimsikiliza. Walikatazwa kutaja kabila, rangi wala dini ya mtu ili wapate kura. Walikatazwa kusema kwamba Rais anawapenda wao zaidi. Tena walitakiwa kusema Kiswahili tu. Fikiri, ndugu msomaji, jambo hilo katika vijiji vya Usukuma vya mwaka 1965, ambako bibi wengi walikuwa hawakijui Kiswahili vizuri! Mgombea Msukuma anasimama mbele ya Wasukuma wenzake na lugha ya mama yake imefungwa mdomoni. Kwa maoni yangu sheria ile ilikuwa ngumu kwa wazee, lakini ilizuia sumu, kwa sababu ni katika lugha ya nyumbani ndimo yanamopita maneno ya chini kwa chini kuhusu mgeni na mwenyeji.

Alama nazo zilikuwa na mchezo wake. Mwenye jembe aliweza kusema, “Bila jembe mtakula nini?” Naye mwenye nyumba akajibu, “Hilo jembe lenyewe likinyeshewa na mvua hulazwa wapi?”

Sasa tufike Mwanza. Waziri wa Fedha wakati ule alikuwa Bwana Paul Bomani, na huku kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa yeye ni nani. Ni yeye aliyewaunganisha wakulima wa pamba miaka ile ya hamsini, wakati mkulima alipokuwa akiuza mzigo wake bila kuwa na mizani ya kuamini. Vyama vile vya ushirika vikakua mpaka kikazaliwa chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955, ambacho kilikuwa kimojawapo cha vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, na Bwana Bomani akawa meneja wake mkuu. Mtu wa namna hiyo, tena Waziri, nani angemshinda nyumbani kwake?

Alishindwa. Alisimama jimboni kwake Mwanza mwaka 1965, na watu wakampa kura nyingi mwenzake. Hakuwa peke yake. Bwana Jeremiah Kasambala, Waziri mwingine, alishindwa huko Rungwe. Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake iliwaita akina mama wa nchi nzima katika TANU, alishindwa Rufiji. Na wakati huo huo Mwalimu mwenyewe, aliyepigiwa kura ya ndiyo au hapana, alipata ndiyo zaidi ya asilimia 96. Ni watu wale wale, katika siku zile zile. Walimkubali Rais, wakaikubali TANU, wakamkataa mbunge. Kama kura ingalikuwa ya chama kwa chama, wasingaliweza kufanya hivyo, maana kumkataa Bomani kungalikuwa ni kuikataa TANU, na hilo hawakulitaka.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo moyo wa uchaguzi usiofuata chama. Unampa mpiga kura uhuru wa kumwambia mtu “umetusahau” bila kubomoa nyumba nzima. Lakini usisahau chujio. Wale wawili wa jembe na nyumba walikuwa wamekwisha kuchujwa na wajumbe wa wilaya, watu wachache wenye kujuana, kisha na Halmashauri. Mtu aliyesema jambo lisilopendeza wakubwa aliweza kufia njiani, na wewe kwenye kibanda usijue kamwe kwamba alikuwako. Utaratibu huo uliendelea, TANU na baadaye CCM, mpaka uchaguzi wa mwaka 1990. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, jembe na nyumba vikaenda kupumzika.

Majirani zetu tunaochangia nao maji ya ziwa hili walijaribu njia zao. Kenya, mwaka 1988, KANU iliwachuja wagombea wake kwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mtu wao, au nyuma ya mwenye picha yake, katika uwanja wa wazi, wakahesabiwa kama ng’ombe wanaoingia joshoni. Na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amekwisha kushinda; kura ya siri haikufanywa kwake tena. Baraza la Makanisa la Kenya lilikuwa limekwisha kuipinga njia hii mwaka 1986. Sababu si ngumu kuiona. Mwenye deni kwa mwenye duka atapanga mstari gani, ikiwa mwenye duka anamtazama? Na mchungaji akisimama nyuma ya mtu mmoja mchana kweupe, Jumapili atawatazamaje wale wa mstari wa pili? Mlolongo haukudumu, baada ya malalamiko mengi ukaachwa.

Uganda walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 walichagua Rais na Bunge bila vyama kabisa. Vyama havikufutwa, lakini vilikatazwa kusimamisha mtu. Kila mgombea alisimama kwa sifa zake mwenyewe. Mwaka 2000 wananchi waliulizwa kama waendelee hivyo, wakasema ndiyo. Mwaka 2005 wakaulizwa tena, wakakubali vyama virudi. Waliokuwa wakilalamika walisema hivi: ukiwakataza wengine wote kuwa na chama, yule aliye Serikalini hana haja ya chama, maana Serikali ndiyo chama chake.

Ng’ambo ya bahari, katika Marekani, yako majimbo yanayoufanya mchujo kwa njia nyingine ambayo inafaa kujulikana. Jimbo la kule si kama jimbo la ubunge la kwetu. Ni kama nchi ndogo, lenye gavana wake na bunge lake. Kwa desturi kila chama cha kule humtafuta mtu wake kwanza. Lakini jimbo la Louisiana tangu mwaka 1975 katika chaguzi zake nyingi, Washington tangu 2008, na California tangu 2012, waliondoa ukuta huo. Wagombea wote huwekwa katika karatasi moja, wa chama hiki na cha kile na wasio na chama, na wapiga kura wote huchagua humo mmoja. Huko California na Washington, wawili wa juu ndio wanaokwenda kwenye uchaguzi wa Novemba, hata kama wote wawili ni wa chama kimoja. Ndivyo ilivyotokea California mwaka 2016 katika kiti cha Seneti: walibaki Bibi Kamala Harris na Bibi Loretta Sanchez, wote wa chama cha Demokrasi. Bibi Harris akashinda. Jembe na nyumba, ungesema, lakini chujio limeshikwa na wananchi wenyewe.

Je, basi njia hiyo haina dosari? Inayo, nayo ni ya hesabu. Tuseme kata yetu ina wapiga kura 1,000. Watu 600 ni wavuvi na wanataka mvuvi mwenzao. 400 ni wakulima na wanataka mkulima. Wavuvi, kwa kuwa ni wengi, wanajiamini, na wanajitokeza wagombea wanne. Wakulima wanasimamisha wawili tu. Siku ya mchujo wavuvi wanagawana kura zao 600, kila mgombea 150. Wakulima wanagawana 400 zao, kila mmoja 200. Wawili wa juu ni nani? Wakulima wote wawili! Siku ya uchaguzi wenyewe wale 600 wanaikuta karatasi isiyo na mvuvi hata mmoja. Usidhani nimetunga jambo lisilowezekana. Mwaka 2012, katika jimbo la 31 la uchaguzi huko California, Wademokrasi walikuwa wengi, wakasimama wanne, wakagawana kura, na waliopita wakawa Warepublikani wawili.

Jimbo la Alaska lilitafuta dawa ya ugonjwa huo. Tangu mwaka 2022 mchujo wake huwapitisha wanne badala ya wawili, kisha mpiga kura huwapanga kwa namba: huyu wa kwanza, huyu wa pili, na kuendelea. Kama hakuna aliyepata zaidi ya nusu, wa mwisho hutolewa na kura zake huwaendea wale waliopewa namba inayofuata. Mwaka 2024 palipigwa kura ya kuifuta njia hiyo, nayo ikaponea chupuchupu.

Kwetu je? Chujio limo mikononi mwa vyama. CCM huita kura za maoni. Wanachama hupiga kura, lakini vikao vya juu ndivyo vinavyosema neno la mwisho, na si mara moja aliyeongoza katika kura za maoni ameliona jina la mwingine likirudi kutoka juu. Asiye na chama hana mlango kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila aligonga mlango huo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira, ilimkubalia kwamba mtu aweze kusimama mwenyewe. Bunge likabadili Katiba kuuziba mlango. Akarudi mahakamani, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba jambo hilo si la mahakama bali ni la Bunge. Akaenda Arusha, kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba haki yake imevunjwa. Mtikila alifariki dunia Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, na mpaka uchaguzi wa 2025 kila jina lililokuwa katika karatasi za kura lilikuwa limepitia mlango wa chama.

Utauliza, na Bwana Bomani naye aliishia wapi? Hakukaa nyumbani kuinamisha kichwa. Aliendelea katika Baraza la Mawaziri, akashika mipango ya uchumi na maendeleo. Mwaka 1972 alipelekwa kuwa Balozi wetu Marekani, akakaa huko mpaka 1983. Kwa hiyo Louisiana ilipoanza mchujo wake usiojali chama, mwaka 1975, yule aliyeangushwa na watu wa Mwanza kwa karatasi ya jembe na nyumba alikuwa Washington, huenda akisoma habari hizo katika magazeti ya huko.