Gauni la Kizamani kwa Bei ya Gunia

Mahindi yakishavunwa na kukauka, Chepsaita na vijiji vingine vya upande wa Turbo huingia msimu wa sherehe. Leo ni koito, siku ambayo jamaa za kijana hufika rasmi kwa wazazi wa msichana; Jumamosi ijayo ni harusi ya kanisani; baada ya hapo kuna mahafali ya mtoto wa jirani. Katika shughuli zote hizo swali ni lile lile kwa wasichana, mama zao na mashangazi: gauni litatoka wapi, na kwa pesa ngapi? Siku hizi swali limekuwa gumu zaidi kwa sababu macho ya wengi yamerudi karne ya 19. Tamthilia ya Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2020, imefika hadi kwenye simu za huku kwetu, na fundi wa cherehani anaonyeshwa picha ya binti wa Kiingereza wa enzi za Napoleon kisha anaulizwa, "Hii utaiweza?"

Nayapenda magauni hayo. Napenda mikono iliyojaa begani, kola ndefu ya lesi, marinda yanayofuata hatua za mvaaji. Lakini pesa ya gauni huku ni pesa ya shamba, na ni haki ipimwe kwa kipimo cha shamba. Mwaka 2023 Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao ilinunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Nitashika bei hiyo kama ratili. Bei nyingine zote nitakazotaja ni za mfano, za kuonyesha hesabu inavyokwenda. Weka zako ukishapita madukani Eldoret.

Gharama huanza na enzi uliyoichagua, kabla hata ya kufika dukani. Gauni la mtindo wa Bridgerton hukazwa chini ya matiti, kisha sketi inashuka wima. Mita 4 au 5 za kitambaa kipana huwatosha watu wengi, na ndani hakuna cha kuivimbisha. Ukisogea hadi miaka ya 1860 unaingia ulimwengu mwingine. Mwaka 1856 ilitolewa hataza ya fremu ya pete za chuma iliyovaliwa chini ya sketi, na kuanzia hapo sketi zikatanuka kama kengele. Pindo moja lingeweza kuzunguka mita 4 na zaidi. Hapo unatafuta mita 8 hadi 10. Kitambaa cha shilingi 300 kwa mita kinakugharimu 1,500 katika mtindo wa kwanza na 3,000 katika wa pili, na bado hujahesabu bitana wala fremu. Fundi naye atapiga pindo maradufu na atalipwa kwa kazi hiyo. Tena mtu aliyevaa pete za chuma haingii kwenye matatu wala hapandi bodaboda, kwa hiyo ongeza gari la kukodi. Kwa maoni yangu, aliye na chini ya magunia matatu aachane na miaka ya 1860. Miaka ya 1900 hadi 1910 inampa mtu uzuri mwingi kwa kitambaa kidogo: kola ndefu, lesi kifuani, sketi iliyolala vizuri nyongani na kupanuka kidogo chini.

Wengi hukimbilia kukodi. Tuseme gauni ni shilingi 8,000 kwa siku mbili: hayo ni magunia mawili kwa vazi utakalolirudisha. Kuna amana juu yake, na amana hurudi gauni likirudi safi. Hapo ndipo penye hatari kwa mtu wa Chepsaita. Udongo wetu ni mwekundu, mvua ikinyesha usiku barabara ya asubuhi ni tope, na gauni linaloburura hunyonya rangi hiyo inchi kadhaa kutoka chini. Kabla ya kutoa pesa uliza nani analipa dobi, doa la udongo linakatwa kiasi gani kwenye amana, na kama unaruhusiwa kupandisha pindo kwa mshono wa muda. Maduka mengi hayataki gauni lao liguswe na sindano ya mtu mwingine. Hesabu pia nauli: kwenda kulijaribu, kwenda kulichukua, kwenda kulirudisha.

Kukodi kuna maana kwa jambo moja, gauni jeupe la bibi harusi, kwa kuwa ni vigumu kulivaa tena. Hata hivyo weupe huo si wa zamani kama tunavyodhani. Uliingia sana baada ya Malkia Victoria kuolewa mwaka 1840 akiwa na gauni la hariri nyeupe na lesi. Kabla yake, na kwa miaka mingi baadaye kwa watu wa kawaida, bibi harusi wa Uingereza alivaa gauni lake bora la rangi yoyote, kisha akaendelea kulivaa kanisani na kwenye karamu. Anayetaka kuwa mwaminifu kwa historia ana ruhusa kamili ya kuolewa kwa kijani kibichi au rangi ya zambarau, na gauni hilo libaki lake.

Mitumba ndiyo njia ya bei ya chini kwa macho. Kwenye marobota hutokea magauni ya sherehe ya miaka ya 1980, na mengi yana mikono mikubwa iliyojaa, mtindo uliopata nguvu baada ya harusi ya Diana mwaka 1981. Ukilipata la shilingi 1,500 utafurahi. Ligeuze ndani kabla furaha haijakutoa pesa. Tazama makwapa, maana jasho la zamani halitoki. Vuta zipu mara kadhaa. Pima akiba ya kitambaa kwenye mishono, kwa kuwa likibana na akiba haipo, hakuna fundi atakayekuokoa. Satini nayo huhifadhi matundu ya sindano. Mshono wa zamani ukifumuliwa, mstari wake unabaki unaonekana mbele ya watu. Mara nyingi nimeona gauni la mitumba likila pesa nyingi za kurekebisha kuliko bei yake ya kununulia.

Kwa hiyo narudi kwa fundi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Magauni ya kale yana mafunzo yaliyofichwa upande wa ndani, mahali ambapo picha za simu hazifiki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wengi hawakuvaa gauni la kipande kimoja. Lilikuwa na sketi na sehemu ya juu, kila kimoja kimeshonwa peke yake, na mara nyingi sketi moja ilikuwa na sehemu mbili za juu: moja ya mchana, yenye mikono mirefu na shingo iliyofungwa, nyingine ya jioni, iliyo wazi shingoni. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya mshonaji, kwa hiyo hakikutupwa. Mishono iliachiwa akiba ili mtu akinenepa gauni lipanuliwe. Ndani ya pindo walishona ukanda mgumu uliopokea vumbi na tope. Ukichakaa ulifumuliwa na kuwekwa mpya, sketi ikabaki nzima.

Mlete fundi wako kwenye hesabu hiyo. Mita 6 za kitambaa kwa 300 ni 1,800. Bitana ya pamba, mita 3 kwa 150, ni 450. Lesi na vifungo, 750. Ujira wa sketi na sehemu ya kwanza ya juu, 4,000. Jumla ni 7,000. Ongeza sehemu ya pili ya juu: mita 2 za kitambaa ni 600, ujira 1,400. Sasa una 9,000, yaani magunia mawili na robo, zaidi kidogo ya kukodi mara moja. Lakini gauni hilo utalivaa kwenye koito ya dada, kanisani Pasaka, na kwenye mahafali. Ukilivaa mara sita, kila mara limekugharimu 1,500. Sketi peke yake na blauzi ya kawaida itakwenda popote. Kama unaweza kupata pamba ya Rivatex, kiwanda cha Eldoret ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007, itumie. Pamba hukubali pasi, hukunjika vizuri begani na haitoi jasho kama polista, na fedha inabaki kwa jirani.

Magauni marefu si mageni kwenye uwanda huu. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 walitoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Nakuru, kisha kwa magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Walikuta ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa wameondolewa, miaka mitatu tu baada ya Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa. Wake zao walikuja na marinda yanayofika chini, na maduka yalikuwa mbali mno. Eldoret yenyewe ilipewa jina mwaka 1912. Anayependa mitindo hiyo avijue vyote viwili, uzuri wa mshono na njia uliyopitia kufika hapa.

Kuna gauni la enzi hiyo hiyo ambalo Waafrika waliligeuza kuwa lao. Gomesi lilishonwa mwaka 1905 na fundi Mgoa aitwaye Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, Uganda, na likapata heshima kubwa lilipovaliwa na Irene Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, katika sherehe za kutawazwa za 1914. Shingo ya mraba, mabega yaliyochomoza, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana nyongani: yote hayo yana harufu ya mwanzo wa karne iliyopita, na bado yanavaliwa leo bila mtu kudhani ni maigizo. Hula karibu mita 6 za kitambaa, lakini mshipi hulifanya limkubali mama mnene na binti mwembamba, kwa hiyo gomesi moja huhudumia nyumba nzima. Kwa anayelitafuta, Malaba kwenye mpaka wa Uganda si mbali kutoka hapa, ni kufuata barabara ya Webuye na Bungoma. Kwa mama wa bibi harusi sijaona chaguo linaloshinda hili kwa bei.

Na vazi letu wenyewe? Wanawake wa Kinandi walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta na kupambwa kwa shanga. Picha zimo katika kitabu cha A. C. Hollis, The Nandi, cha mwaka 1909. Vazi la koito la leo huiga rangi ya ngozi ile kwa kitambaa cha kahawia, na juu yake shanga na kauri. Bei yake iko kwenye mikono inayotunga shanga. Kwa hiyo usinunue gauni zima lililojaa shanga, kwa kuwa mwili ukibadilika kazi yote imepotea. Nunua mkanda, mkufu mpana na kitambaa cha mabegani, vitu visivyo na saizi, kisha uvivae juu ya sketi ile ile ya fundi. Hakikisha shanga zimetungwa kwa uzi wa nailoni; wa pamba hukatika katikati ya ngoma, na kauri zikitawanyika kwenye nyasi hazirudi zote.

Kwa fundi, usikatishe kitambaa chako kabla hajashona sehemu ya juu ya majaribio kwa marekani ya bei ya chini. Ivae, keti, inua mikono yote miwili, vuta pumzi hadi mwisho, inama kama unayemsalimu bibi aliyeketi. Ikikubana kwapani au ikipanda tumboni, irekebishwe hapo hapo kwa chaki na pini. Toa nusu ya ujira siku hiyo, na nusu nyingine siku utakayofanya mambo yale yale ndani ya gauni lenyewe, wiki mbili kabla ya sherehe, ukanda wa pindo ukiwa umeshashonwa.