MALIMBIKIZO YA MKOPO WA NYUMBA: HAKI NA WAJIBU WA MDAIWA

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Zirai walioweka nyumba zao rehani wanakumbushwa kwamba kukaa kimya hakuzuii mnada.

Kwa mujibu wa kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama kilivyorekebishwa mwaka 2008, mkopeshaji hana budi kumpa mdaiwa notisi ya maandishi inayoeleza kiasi kilicholimbikizwa. Siku 60 zikipita tangu notisi kupokewa bila malipo, deni lote hudaiwa kwa pamoja na nyumba yaweza kuuzwa. Siku hizo ndizo za mazungumzo.

Mdaiwa afike kwa mkopeshaji na hesabu ya mapato na matumizi yake, aombe marejesho yapangwe upya: muda uongezwe, au mkulima wa iliki alipe baada ya mavuno badala ya kila mwezi. Asiahidi asichokiweza. Makubaliano yaandikwe na kutiwa saini.

Hali huwa ngumu zaidi deni linapozidi thamani ya nyumba. Kwa mfano, nyumba ikiuzwa shilingi milioni 30 kwa deni la milioni 38, mdaiwa hubakiwa na deni la milioni 8. Hata hivyo, kifungu cha 133 kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayopatikana. Bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo, hadi athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo mdaiwa apate tathmini ya mthamini aliyesajiliwa kabla ya siku ya mnada.