KAZI YA BWANA AFYA SI KUTOZA FAINI TU

Watu wengi wa mijini wanamjua Bwana Afya kwa jambo moja: ndiye afikaye sokoni kumfungia mama lishe kibanda chake. Wamjuao hivyo hawasemi uongo, lakini wamejua sehemu ndogo mno ya kazi ya idara ya afya ya halmashauri zetu. Twaona yafaa leo tuwakumbushe wasomaji wetu sehemu iliyobaki.

Na tutazame yaliyotokea katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Mwezi Machi 2023 watu wa vijijini huko walishikwa na homa kali, wakatapika na kuharisha, na baadhi yao wakafa. Tarehe 21 Machi Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa huo ni Marburg. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda, na vikiisha kuingia kwa binadamu huenea kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Mpaka tunapoandika haya hapana chanjo wala dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huo. Basi silaha ilikuwa nini?

Silaha ilikuwa daftari, kipimajoto na miguu ya watu. Siku ulipotangazwa ugonjwa, watu 161 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walikuwa wamekwisha kuorodheshwa. Watu wa namna hiyo hufuatwa kwa muda wa siku 21, kwa sababu virusi vyaweza kujificha mwilini muda wote huo kabla homa haijaanza. Hebu msomaji afikiri: nyumba ile ile, mtu yule yule, kila siku kwa majuma matatu, katika mvua za masika na matope ya njia za migombani, na mwenye nyumba akikataa kufungua mlango siku moja tu, hesabu yote imeharibika.

Gumu zaidi, kwa maoni yetu, ni mazishi. Kwetu maiti huoshwa na watu wake. Kumwambia mtoto asimguse mama yake aliyefariki, bali awaachie wageni waliovaa mipira ya mikono na vinyago, ni neno lisilosemeka na mtu asiyeaminiwa. Askari hawezi kulisema likakubaliwa. Na waraka hauwezi.

Waliougua Bukoba walikuwa 9, na waliofariki 6, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa afya. Tarehe 2 Juni 2023 ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha, baada ya kungojewa siku 42, yaani zile 21 mara mbili.

Lakini mwanzoni mwa 2025 Marburg ilirudi mkoani humo humo, safari hii Wilaya ya Biharamulo, ikaua watu 10. Wanane kati yao walikuwa wamekwisha kufariki kabla ugonjwa haujathibitishwa. Hapo ndipo tunapotaka wanachama na wafanyakazi wafikiri sana. Habari ya kwanza haitoki maabara. Hutoka kwa jirani aliyeona watu wawili wa nyumba moja wameugua, akaenda kusema. Je, atamwambia nani, ikiwa mtu wa afya amjuaye ni yule ajaye na kitabu cha risiti peke yake?

Hatusemi faini ziondolewe. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 iko kwa sababu nzuri, na auzaye nyama iliyooza hatuna machozi kwa ajili yake. Twasema kwamba Bwana Afya aliyekaa nusu saa na mama lishe akamwonyesha namna ya kufunika chakula na kuchemsha maji, ndiye atakayepelekewa habari siku ya hatari. Kazi hiyo haina picha magazetini, na pengine ndiyo maana hunyimwa fedha kwanza. Tena wako wahudumu wa afya wa vijijini wanaozunguka nyumba hizi kwa posho ndogo, na wengine bila kitu.

Madiwani wanapokutana kupitisha makisio ya mwaka, wasomaji wetu waende wakasikilize, na wakiisha kusikiliza wawaulize: mafuta ya pikipiki ya Bwana Afya yametengewa shilingi ngapi, na mipira ya mikono iliyomo zahanati itatosha miezi mingapi?