Kipimo Huanza Mkononi

Mwulize mwanafunzi wa Gredi ya Tano mita moja ina sentimita ngapi. Atakujibu papo hapo: mia moja. Kisha mwambie akuonyeshe kwa mikono yake mita hiyo ina urefu gani. Aghalabu atasita, atawatazama wenzake, na pengine akuonyeshe urefu wa rula yake.

Huenda wenzangu wa hisabati wakauliza msomi wa isimu ana nini na rula. Ninayo sababu. Kipimo hukaa mwilini na katika lugha kabla ya kuandikwa ubaoni. Wazee wa pwani walipima kwa shibiri, yaani toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa nne ni pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Upande wa nafaka, vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Tazama jinsi hesabu hiyo inavyokwenda kwa kuzidisha maradufu. Hiyo ni hisabati kamili, na mtoto hahitaji kununuliwa chombo chochote.

Basi mwalimu na awape wanafunzi dawati moja walipime kwa shibiri. Huyu atapata nane, yule tisa, na mwalimu mwenyewe sita. Ubishi utazuka, na mwalimu asiuzime, maana somo ni huo ubishi. Watoto wenyewe watadai utumike mkono mmoja kwa wote, na hapo ndipo mita inapoingia kama mwamuzi. Ikiletwa kabla ya hapo, huwa ni amri tu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mtoto wa gredi za chini aanze kwa vipimo vya namna hii. Lakini vipo vyumba vya madarasa ambamo hatua hiyo hurukwa ili kitabu kimalizike.

Lita nayo hutengenezwa. Kata miraba mitano ya karatasi ngumu ya boksi, kila upande sentimita 10, uibandike iwe sanduku lisilo na kifuniko. Mimina humo mchanga mkavu wa chupa mbili za nusu lita. Utafika ukingoni, pengine uzidi kidogo, kwa kuwa chupa za maji huwa hazijazwi hadi mdomoni. Nusu lita ya maji ina uzito wa gramu 500. Ukiwa na kijiti, uzi na mikebe miwili, tayari una mizani na jiwe la kupimia.

Kutoka hapo twende sokoni. Mahindi na maharagwe yetu huuzwa kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo mbili, na wako wachuuzi wanaobonyeza kitako chake kiingie ndani. Leteni darasani mikebe miwili, mzima na uliobonyezwa, watoto wahesabu vikombe vya mchanga vinavyojaza kila mmoja. Tofauti hiyo waizidishe kwa bei ya siku. Mtoto atajua mamake amepunjwa shilingi ngapi.

Lipo pia tatizo la istilahi. Tunamwambia mtoto apime "urefu" wa dawati, naye haelewi kama ni kwenda juu au kwenda kando. Kiswahili kina kimo kwa kinachosimama, kina kwa kinachoshuka, upana, unene na mzingo. Mwalimu ayatamke maneno hayo mtoto akiwa ameshika kamba, si akiwa ameinamia daftari.

Najua jibu nitakalopewa: mitihani haiulizi hayo. Basi na iulize. Baraza la mitihani likiweka swali moja tu linalomtaka mtoto akadirie kwa jicho kisha apime, walimu watatoka uani na kamba zao wiki iyo hiyo.