Watunzi Wetu Wasizikwe na Nyimbo Zao

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Lakini wapo waliotuzwa jana na ambao leo hakuna anayewakumbuka. Swali linalostahili kuulizwa na walimu na wanafunzi ni hili: kwa nini baadhi ya watunzi waliosahauliwa hurejea, ilhali wengine hupotea kabisa?

Tuchukue mfano wa Josef Rheinberger, aliyezaliwa Vaduz, Liechtenstein, mnamo 1839. Akiwa na umri wa miaka saba alikuwa tayari akipiga kinanda kanisani. Baadaye alifundisha muziki mjini Munich kwa miaka mingi, na kufikia kifo chake mwaka wa 1901 alikuwa ameandika sonata 20 za kinanda kikubwa cha kanisani, zilizojaa hisia za zama za ulimbwende. Ladha ya watu ilipobadilika, aliwekwa kando na kuitwa mtunzi wa kale. Hata hivyo, miongo mingi baadaye sonata hizo zilichapishwa upya na zote zikarekodiwa. Haukuwa muujiza. Karatasi zilikuwepo, na jina lake lilikuwa juu ya kila moja.

Sasa tutazame kwetu Afrika Mashariki. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alichapisha kitabu kuhusu muziki wa Kiafrika mnamo 1955. Kisha akatunga oratorio ya mashahidi wa Uganda ya mwaka wa 1964, mwaka ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Aliijenga juu ya misingi ya muziki wa Kiganda. Ni wanafunzi wangapi wetu wanaolijua jina lake?

Nikiwa mwanaisimu, nauona uzito wa kazi kama hiyo. Kiganda, sawa na Kikamba, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Wamishonari walipotafsiri tenzi zao, aghalabu waliyabadilisha maneno na kuuacha wimbo wa Ulaya vilevile. Matokeo yake, sauti ya wimbo hupanda pale ambapo msemaji angeishusha. Mtunzi anayeanza na lugha yake huyaepuka hayo. Kwa hiyo, utunzi wake unapopotea, tunapoteza pia ushahidi wa jinsi lugha yenyewe ilivyosikika vinywani mwa watu.

Hapa Nunguni, katika milima ya Kilungu, kwaya za shule na makanisa huimba nyimbo za Kikamba zilizotungwa na walimu wetu wenyewe. Nyingi hufunzwa kwa mdomo. Mwalimu akihamishwa au akistaafu, wimbo hubaki mwaka mmoja au miwili, kisha hufifia. Ukiendelea kuimbwa, huitwa wa kienyeji, kana kwamba ulijitunga.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kila mwalimu wa kwaya na auandike wimbo kwa do-re-mi anayoijua, pamoja na maneno yote, jina la mtunzi na mwaka. Nakala moja iwekwe katika maktaba ya shule, nyingine kanisani. Wanafunzi nao wawaendee watunzi wazee wangali hai, wakiwa na daftari na kinasa sauti. Tuanze muhula huu, kabla ya mazoezi ya tamasha la muziki.